Tausi Bila Fulana

Siku hizi kila mtoto huvaa fulana ya kinga. Akikaribia hatari, fulana hukakamaa ikamrudisha nyuma. Watoto hawaungui tena wala hawaanguki, na wazazi wamepumzika.

Asubuhi hiyo Mwanaidi alikuwa ameifua fulana ya bintiye Tausi na kuianika uani, huku uji ukichemka jikoni. Aliporudi jikoni, Tausi alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea sufuria. Mwanaidi aliruka akamdaka.

"Ungeungua, mwanangu! Huogopi moto?"

"Mama, kuogopa ndiyo nini?"

Mwanaidi aliushika ule mkono mdogo akausogeza karibu na mvuke.

"Ukihisi joto, rudisha mkono. Umesikia?"

Tausi hakuurudisha. Alizidi kuushusha, huku akimtazama mama yake na kutabasamu, akingoja kurudishwa nyuma.