Dakika Arobaini

"Mwalimu, tuvue? Baba alikuwaga anaangalia tu maji, anaamua."

"Ngoja nimalize," alimjibu mume wake.

Dorkas alikuwa amepiga magoti kwenye mbao za kizimba chao cha kufugia sato ziwani, Kisorya, akikokotoa juu ya mfuko wa chakula cha samaki. Kipimo kilionyesha hewa ya majini inapungua. Wakivua leo, sato bado wadogo mno kuuzika.

Mlinganyo aliupata upesi. Intigrali yake, ya kujumlisha hewa inayopotea, ndiyo ilikataa. Alikata, akaanza upya mara tatu, jasho likifuta namba.

Mwishowe ikakubali: tangu alipopima, hewa ingewatosha sato dakika arobaini.

Pembeni alikuwa ameandika kwamba alipima saa moja kamili. Akatazama saa ya mkononi. Saa mbili na robo.

Mume wake alikuwa ameinamia maji.

"Mwalimu, huyu mbona amelala ubavu?"