Mkono wa Kulia wa Mtakatifu Petronio

Ottavio Brentani alimpora mwuza picha karatasi mkononi, pale pale kwenye ngazi za kanisa.

"Umeitoa wapi hii?"

"Taratibu, bwana! Kaileta mchukuzi. Kwani mtakatifu ni wa baba yako?"

Alikuwa wake. Ottavio alimchora Mtakatifu Petronio kwa rangi, kisha akamchonga kwenye bamba la shaba la kuchapia picha mwaka mzima, akisali kila asubuhi kabla ya kushika patasi. Bamba lilikuwa sandukuni, likisubiri sikukuu. Nakala moja tu ya majaribio ilikuwa imechapwa, na walioiona ni wawili: mkewe Orsola, na Zaccaria, mwanafunzi wake wa zamani.

"Nani mwingine kama si Zaccaria?" Orsola alisema nyumbani, akimfuta machozi. "Kala mezani petu miaka yote ile! Nenda sasa hivi, mume wangu, usirudi mpaka akiri. Mimi nabaki nikikuombea."

Njiani Ottavio alijaribu kusali Baba Yetu. Alipofika kwenye kusamehe, akakwama.

Zaccaria alikuwa akila mkate na kitunguu.

"Karibu, mwalimu. Umekuja kula au kunipiga?"

"Yuda we! Nilikuonyesha kazi yangu, ukainakili!"

Zaccaria aliinyoosha ile karatasi iliyokunjamana. Akaacha kutafuna.

"Mwalimu, wezi wa picha hunakili vipi?"

"Unaniuliza mimi? Wanaibandika picha juu ya shaba, wanafuata mistari. Ikichapwa, inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Ndiyo maana soko zima la Bologna limejaa watakatifu mashoto."

"Na huyu anabariki kwa mkono gani?"

Ottavio alitazama. Njia nzima alikuwa ameikunja ngumini bila kuitazama vizuri. Mkono wa kulia. Na chini ya kiatu, ule mkwaruzo mdogo alioufanya mwenyewe kwenye bamba patasi ilipoteleza.

"Bamba lako liko wapi?" Zaccaria aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sandukuni. Limefungwa."

"Ufunguo je?"

Ottavio aliondoka bila kuaga.

Orsola alimfungulia mlango, akamkumbatia kwa nguvu.

"Maskini, mume wangu. Amekiri?"

Shingoni mwake, kando ya rozari, ufunguo wa sanduku ulikuwa umechafuka kwa wino mbichi.