Kimya cha Twiga

Jumatatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mwenyekiti Fisi aliwasomea wanyama sheria mpya: asiyesema "sikubali" atahesabiwa amekubali kutoa macho na figo zake kwa wagonjwa akifa.

"Twiga anaumwa, na hana sauti!" Pimbi alifoka.

"Kunyamaza ni kukubali, binti. Kaa chini." Fisi akatia mfupa mdomoni.

Pimbi hakukaa. "Basi, mwenyekiti, unajiuzulu leo? Moja, mbili, tatu!"

Fisi alikodoa macho, mfupa umemkwama menoni.

"Amekubali!" wanyama walipiga kelele, wakamwondoa kitini.

Kesho yake asubuhi Pimbi alipanda mwamba hadi usawa wa uso wa Twiga, akamuuliza angependa kutoa nini akifa. Kuhusu macho, Twiga aliinamisha kichwa kukubali. Kuhusu figo, akakitikisa kukataa. Pimbi akaandika hivyo hivyo.