Yuka ya Royce

Birika la tatu la maji ya moto, na yuka ikabaki kijani vilevile.

Ardith alilitupa birika, akashika jembe. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imeua waridi zake zote na kupasua mtufaha. Lakini yuka, ndugu wa mkonge mwenye majani ya kuchoma, ilitoka chini ya theluji bila hata jani moja lililokauka. Alishaimwagia chumvi. Alishaimwagia dizeli. Oktoba aliikata hadi chini, nayo ikamjibu kwa machipukizi matano. Na kesho asubuhi watu wa barabara mpya wangepita shambani kwake. Kufikia saa hiyo yuka isiwepo.

"Jirani, hiyo huiwezi," Delmar alimwambia, ameegemea uzio. "Mzizi wake unashuka kuliko mimi na wewe tukibebana. Hapa Nebraska tutakufa wote, yenyewe itatucheka."

Ardith hakuinua uso. "Ni ya Royce," alisema.

Kila mtu alijua jinsi Royce, mume wa Ardith, alivyokwenda Wyoming bila kuaga, miaka kumi na moja iliyopita. Wengi walisema afadhali, maana mkono wa kushoto wa Ardith ulikuwa umevunjika mara mbili na kuunga vibaya. Kumbe kinyongo bado anacho, Delmar aliwaza, hata ua la mwanamume analipiga jembe. Alimhurumia, akarudi kwa ng'ombe wake.

Ardith alichimba mpaka viganja vikatoka damu. Udongo ulikuwa bado umeganda. Alipofika futi mbili alisimama. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wake, na bado ulikuwa unashuka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikaa palepale kwenye udongo, akalia.

Asubuhi walikuja watu watatu: wanaume wawili wenye ramani, na Bi Leota, mwenye miaka themanini na sita, aliyetumwa na kanisa. Sheria ilitaka makaburi yote ya zamani yatafutwe kwanza, barabara isije ikapita juu ya mtu. Misalaba ya mbao ya makaburi hayo ilikuwa imeoza zamani, lakini Bi Leota hakuhangaika na misalaba. Alikwenda moja kwa moja bustanini, akautazama udongo uliochimbwa, akavua kofia.

"Wazee wetu hawakuwa na mawe ya kaburi wala miti ya kupanda," aliwaambia wale wanaume. "Maiti alipandiwa yuka, asilale bila kitu kibichi. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya." Akainama, akashika jani. "Hii bado changa. Miaka kumi, kumi na moja."

Akamgeukia Ardith, sauti ya chini. "Nani amelala hapa, mwanangu?"

Ardith alitazama viganja vyake. Alimzika Royce peke yake, bila jeneza, bila mchungaji, bila hata wimbo mmoja. Lakini bila ua, hakuweza.