Aliyetaka Kumpokea Kanga Mzigo

Zama wanyama walipokuwa na miji na mipaka yao, Bibi Kanga alivuka mpaka kwenda kumtembelea binti yake aliyeolewa ugenini. Binti alikuwa amemwonya mapema: "Mama, huku wezi wamejaa. Usimpe mtu mzigo wako."

Mjini hakuna aliyemsalimia. Kikapu cha mtama kilimlemea kichwani, akapakumbuka kwao, ambako mgeni hupokewa mzigo hata kabla hajaingia uani.

Mara Ngedere akamsogelea. "Shikamoo, bibi. Pole na safari. Lete nikupokee."

Machozi yakamlengalenga Kanga. Maneno yale yale ya kwao! Akakitua kikapu ampe, ila akaona macho ya Ngedere yako kikapuni, usoni kwake hayafiki. Akakikumbatia kikapu chake, akatimua mbio.

Alifika kwa binti yake akihema.

"Umefika, mama?" binti aliuliza bila kuinuka. "Kiweke hapo mlangoni."

Kanga akakiweka. Hata punje moja haikupotea. Lakini alisimama palepale akimkumbuka mwizi, maana katika mji ule wote, ni yeye tu aliyejua mgeni anavyopokewa.