Mara ya Tisa

“Rudia, polepole zaidi,” mume wa Levina alisema kutoka nyuma ya kamera. Ilikuwa mara ya tisa wanarudia tukio la kuagana.

Levina alikuwa amesimama ndani ya jaruba la mpunga huko Lumemo, amevaa suti ya mwanaanga, jasho limejaa kwenye buti. Filamu hii ya mapenzi ya angani mumewe aliwahi kuitengeneza na mke wake wa kwanza, kabla mwanamke huyo hajaondoka. Sasa alikuwa anaitengeneza upya.

“Mwenzako alilia bila kuambiwa.”

“Mimi siyo yeye.”

“Najua. Ndiyo maana tunarudia.”

Levina akavua kofia ya plastiki, akaitupa kwenye tope, akavuka tuta na kushika njia ya kwao, Kiberege.

“Hapo sasa!” mumewe akapaza sauti kwa furaha, jicho bado kwenye kamera. “Hivyo hivyo! Usigeuke!”