Rafu ya Mlangoni

Sheria hairuhusu nyumba kukaa mahali pamoja zaidi ya siku tisa, ndiyo maana yetu ina magurudumu. Jana fundi Elirehema alikuja kutufungia inveta ya kugeuza umeme wa betri, ili uendeshe friji ya insulini ya mama.

“Ikae karibu na betri,” alisema. “Waya mrefu unakula umeme. Tena ipate hewa.”

Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, kwenye rafu ya mlangoni, lilipo kopo la udongo wa kaburi la baba. Mama amepanda mche wa sale humo, kama tulivyokuwa tukifanya makaburini Uchagani.

“Ifunge chini ya kitanda changu,” mama akasema.

“Itachemka, mama,” fundi akasema. “Inaweza kukuunguza umelala.”

Nikakasirika. “Bila friji dawa itaharibika! Unataka kumfuata baba?”

“Nimfuate wapi, ukishamtoa hapo?”

Fundi akainamisha kichwa, akasubiri. Mwishowe mama akalichukua kopo mwenyewe, akalipakata.

“Utalipakata mpaka lini?” nikamuuliza.

“Mpaka tufike.”

Fundi akafunga mashine yake rafuni, akashuka. Inveta ilipoanza kuvuma nikawasha gari, maana siku yetu ya tisa ilikuwa inaisha.